Mvua ya Rembrandt haikuliwa na asidi

Wanafunzi wangu nikiwawekea mezani "Miti Mitatu" ya Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, macho yote hukimbilia ile miti. Huwaambia waifunike kwa kiganja kwanza, waangalie kona ya juu kushoto. Pale kuna mistari minyoofu, mikavu, inayoshuka mshazari kama fito. Hiyo ndiyo mvua, na haifanani na kitu kingine chochote kwenye picha ile.

Ni chapa ya mwaka 1643, upana sentimita 28 hivi na kimo 21, kubwa kuliko chapa zake zote za mandhari. Chapa ya namna hii huanzia kwenye bamba la shaba lililopakwa nta iliyochanganywa na lami na ulimbo. Unachora kwa sindano, nta inatoka, shaba inabaki wazi, halafu asidi inakula palipo wazi tu; mistari iliyoliwa hujazwa wino, na bamba hukandamizwa kwenye karatasi. Kwa vile sindano inateleza kwenye nta, mkono unakuwa huru kama wa mtu anayeandika barua, na mstari unayumba upendavyo. Weusi wake unatokana na muda: dakika chache, mstari kama unywele; ukisahau bamba ndani ya asidi (mimi nimeshasahau, tena zaidi ya mara moja), unapata mfereji. Mawingu na majani ya "Miti Mitatu" yana ule uhuru wa sindano.

Mvua haina. Mistari yake imekatwa moja kwa moja kwenye shaba, kwa nguvu za mkono, na shaba ni mbishi, haikuruhusu kupinda ovyo. Sindano ikikwaruza shaba tupu huinua ukingo mdogo wa shaba kando ya mkwaruzo. Ukingo huo hushika wino, na karatasini unatoka weusi laini kama mahameli. Lakini kila bamba linapopita kwenye mtambo wa kuchapia, ukingo unalala kidogo. Ndiyo maana wanunuzi huzigombania nakala za mwanzo.

Nchi yenyewe ni Uholanzi tambarare, kwa hiyo mbingu imechukua sehemu kubwa ya karatasi, na mji ulio mbali, ambao wengi husema ni Amsterdam, umebaki mstari mwembamba. Wapo wanaoiona miti ile kama misalaba mitatu ya Golgotha. Sikatai, ila sioni haja. Miti mitatu iliyosimama peke yake kwenye nchi tambarare inatosha kushtua.

Sasa toa kiganja. Kushoto chini yupo mvuvi na ndoano yake, mwanamke kando. Kulia, ndani ya kichaka cheusi tii, wamejificha wapenzi wawili. Wengi huwaona baada ya kuonyeshwa kwa kidole. Na juu ya kilima ameketi mchoraji mdogo kuliko punje ya mchele, anachora. Dhoruba yote ile iko nyuma yake, naye amegeukia upande mwingine.