Kabla Hujajitosa kwenye Pipa la Barafu

Mwaka 2009 Wim Hof, Mholanzi aliyezaliwa 1959, alipanda Kilimanjaro mpaka kileleni, mita 5,895, akiwa na kaptula tu. Siku hizi vijana wa Dar es Salaam wanamwiga: barafu inanunuliwa, pipa linajazwa uani, simu inarekodi.

Kuna tukio lake jingine ambalo halisimuliwi sana. Mwaka 2000, nchini Finland, alikuwa akijiandaa kuogelea chini ya barafu ya ziwa. Siku ya majaribio sehemu ya mbele ya macho yake ilianza kuganda, akawa haoni, na mpiga mbizi ndiye aliyemwokoa akiwa anaanza kupoteza fahamu. Kesho yake aliogelea mita 57.5, akaweka rekodi. Rekodi imevuma, mpiga mbizi hatajwi.

Njia ya Hof, yaani mazoezi anayoyafundisha, ina sehemu mbili, baridi na kuhema kwa nguvu kisha kubana pumzi, na sisi wa huduma za dharura tunaogopa zaidi pumzi. Ukihema kwa nguvu mfululizo huongezi oksijeni ya maana, kwani damu ya mtu mzima wa afya tayari inayo ya kutosha. Unachofanya ni kuitoa hewa ukaa (kaboni dioksidi). Sasa, hewa ukaa ikijaa ndiyo inayoushtua ubongo ukakulazimisha kuvuta pumzi. Ikishapungua, utabana pumzi ukijiona uko sawa, kumbe oksijeni inakwisha, na unazirai bila dalili yoyote. Ukizirai mkekani, utazinduka. Ukizirai majini, hata maji ya kiunoni pale Coco Beach yasiyo na baridi hata kidogo, utavuta maji. Zoezi hilo ni la nchi kavu, umekaa au umelala. Hof mwenyewe hutoa onyo hilohilo.

Si kwamba njia yake ni uzushi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwadunga watu sumu ya bakteria, na waliofundishwa njia hiyo wakaugua kidogo kuliko wenzao. Ila hao walikuwa watu wenye afya njema, waliokuwa chini ya uangalizi wa madaktari muda wote.

Baridi nayo ina watu isiowafaa. Maji ya bomba ya Dar ni vuguvugu karibu mwaka mzima, kwa hiyo miili yetu haijazoea. Ukiingia ghafla kwenye maji ya chini ya nyuzi 15, pumzi inakatika, moyo unakwenda mbio, presha inapanda. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo asijaribu. Mwenye selimundu asilisogelee pipa kabisa: baridi hubana mishipa midogo, seli zinakwama, na maumivu ya mifupa yanaanza, wazazi wenye watoto wa selimundu wanayajua vizuri maumivu hayo.

Mwenzako akizirai majini, mtoe haraka. Usimmwagie maji usoni. Kama hahemi, mpulizie pumzi mdomoni na umkandamize kifua, huku mwingine akipiga 114, namba ya zimamoto na uokoaji.