Kulwa, Doto na ucheshi: kipi cha damu, kipi cha nyumbani

Kwa Wasukuma, mapacha huzaliwa na majina yao tayari. Anayetangulia ni Kulwa, anayemfuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Shija. Pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mimi hununua dagaa kwa Kulwa na Doto, mama wawili ambao mmoja akianza mzaha mwenzake anaumalizia. Wateja husema, "Hao wamezaliwa nao huo ucheshi." Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, ila si ule tunaoudhania.

Tuanze na neno lenyewe. Ucheshi ni mambo matatu tunayoyafunga furushi moja: kuliona jambo la kuchekesha, kuwachekesha wengine, na kufurahia kuchekeshwa. Si lazima yote yakae kwa mtu mmoja. Yupo anayewavunja watu mbavu kwenye daladala nzima, lakini akitaniwa yeye, ananuna mpaka kituo cha Buzuruga.

Na kicheko si ucheshi. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, mkoani Kagera, tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya Kashasha walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikaenea hadi wanafunzi 95 kati ya 159, na mwezi Machi shule ikafungwa. Watu wa nje hulisimulia tukio hilo kama kichekesho, jambo linaloniumiza, kwa sababu wale watoto walikuwa wakilia, wakihangaika, wengine wakitaka kukimbia. Ilikuwa dhiki ya moyo iliyopita njia ya kicheko. Hakuna aliyekuwa amesema neno la kuchekesha.

Sasa haiba, yaani zile tabia za mtu zinazodumu mwaka hadi mwaka. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Rod Martin wa Kanada na wenzake walitoa dodoso la sentensi 32 linalogawa ucheshi katika mitindo minne. Kiswahili kilikuwa na majina ya karibu yote. Upo utani unaounganisha watu, kama wa babu na mjukuu, au wa mashemeji. Upo ucheshi wa kujipa moyo: mvuvi amerudi nyavu tupu, anaisimulia safari yake mpaka yeye mwenyewe anacheka, na kesho anashuka tena ziwani. Ipo kejeli, inayochekesha wengi kwa kumchoma mmoja. Na upo ule wa kujidhalilisha, mtu anajifanya takataka ili akubalike kijiweni. Huu wa mwisho huwa tunaushangilia bila kufikiri, na mimi naona ndio wa kuuangalia kwa huruma zaidi, kwa sababu mara nyingi huambatana na haiba yenye wasiwasi na kujiona duni. Watu wachangamfu wanaopenda kuchangamana huelekea kwenye utani wa kuunganisha. Wapole kwa wenzao hukwepa kejeli.

Je, damu inaingia wapi? Hapa mapacha ndio msaada mkubwa. Mapacha wa kufanana wana jeni, yaani chembe za urithi, zilezile. Wasiofanana hushiriki takribani nusu ya jeni zinazowatofautisha watu, kama ndugu wengine wowote wa baba na mama mmoja. Aina zote mbili hulelewa nyumba moja, kwa ugali mmoja. Ikiwa wa kufanana wanalingana katika jambo fulani kuliko wasiofanana, tunashuku jeni. Wakilingana sawasawa, tunatazama nyumbani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kutoka London uliwapa mapacha wanawake, jozi 127, katuni za kuchekesha wazipime. Jeni hazikuonekana kuchangia. Malezi ya pamoja ndiyo yaliyowafanya wacheke mambo yaleyale. Lakini mwaka 2008 watafiti walipopima ile mitindo minne kwa mapacha wa Amerika Kaskazini, mitindo miwili ya kwanza ilionyesha mchango wa jeni, huku kejeli na kujidhalilisha vikielekea zaidi kwenye nyumba mtu alikokulia. Walipopima Uingereza, mitindo yote minne ilionyesha mchango wa jeni.

Msomaji atauliza: sasa tushike lipi? Yote, kwa sababu hayapimi kitu kimoja. Kinachokuchekesha si sawa na namna unavyotania. Tena kiwango cha urithi si namba iliyoandikwa ndani ya mtu. Fikiria mpunga kwenye majaruba. Majaruba yote yakijaa maji vizuri, mpunga ukipishana urefu utasema ni mbegu. Maji yakifika huku na kule yasifike, tofauti nyingi zitatokana na maji, ingawa mbegu ni zilezile. Urithi hupima tofauti kati ya watu wa jamii fulani, kwa wakati fulani. Kwa hiyo huwezi kumshika Doto ukasema nusu ya ucheshi wake ni wa mama yake.

Wala hakuna jeni moja ya ucheshi. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba watu wenye umbo fupi la sehemu ya jeni inayohusika na serotonini, kemikali ya ubongo, walitabasamu na kucheka zaidi walipoonyeshwa katuni na vipande vya filamu. Ni mchango mdogo, na unahusu kuguswa na kichekesho, si kukitunga.

Hapa kwetu maji ya jaruba ni mengi. Mtoto anakua akisikia watani wakichokozana hata msibani, akiona wachezaji wa Bagika na Bagalu, makundi hasimu ya ngoma za Kisukuma, wakirushiana vijembe vya nyimbo uwanjani. Anajifunza nani wa kutaniwa na kwa kiasi gani kabla hajajua kusoma.

Kulwa na Doto wa Mwaloni hawafanani. Doto ana mwanya, Kulwa ni mrefu kumpita. Basi kwa jeni hawana ukaribu zaidi ya ule walio nao na Shija wao, ambaye naye yupo hapohapo sokoni, meza ya tatu, akipima dagaa kimyakimya.