Dalali anakuonyesha nyumba, hati itafute mwenyewe

Ujumbe ninaoletewa mara nyingi kuliko mwingine wowote hapa Arusha ni huu: "Wakili, nimepata nyumba Njiro, dalali anasema hati ipo safi, nimeshatoa advansi. Niendelee?" Swali ni zuri, ila advansi imelitangulia.

Kazi yangu ni mauziano ya nyumba na viwanja, na sina ugomvi na madalali. Wateja wengi wameletwa ofisini na wao. Dalali mzoefu wa mji huu anajua mambo yasiyoandikwa popote: nani anauza kwa sababu amehamishiwa Dodoma na nani anauza kwa sababu benki inamfuata, mtaa gani maji yanatoka usiku tu, jirani gani ana kesi ya mpaka barazani. Hizo ni habari za thamani na anastahili kulipwa kwa ajili yake. Ila elewa anavyokula. Pesa yake inatoka siku nyumba inapouzwa, na isipouzwa, nauli za bodaboda na siku zake zimeliwa bure. Si lazima awe mwongo, lakini hana sababu ya kuchimba jambo litakalovunja biashara. Tena udalali wa nyumba hauna mtihani kama wa mawakili, wathamini au wapima ardhi. Ukiwa na simu na ukijuana na watu, umeanza kazi.

Kuhusu ujira wake, kinachoumiza si ile asilimia mliyokubaliana. Kinachoumiza ni cha juu. Mwenye nyumba anataka milioni 80, wewe unatajiwa 95, na kama katikati wako madalali watatu walioitana kwa simu, kila mmoja ameongeza chake. Dawa yake ni kukaa na mwenye nyumba ana kwa ana, bei itoke kinywani mwake, na pesa iingie kwenye akaunti ya benki yenye jina lake. Dalali anayekuzuia kumwona mwenye mali mpaka utoe kwanza "pesa ya kushikilia", muage. Ujira wake uandikwe kwenye karatasi, na iandikwe nani anamlipa, maana wapo wanaolipwa na pande zote mbili na kila upande unadhani dalali ni wa kwake.

Sasa tuje kwenye hilo la hati kuwa safi. Omba kuiona karatasi yenyewe, kwa sababu ukifunua bahasha unaweza kukuta hati miliki iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, au barua ya ofa ya zamani ambayo haikuwahi kukamilishwa, au hati ya hakimiliki ya kimila ya kijijini, au mchoro wa urasimishaji wa mtaa, au karatasi ya mauziano ya mkono yenye muhuri wa mwenyekiti. Zote zina maana yake, lakini hazilingani nguvu wala bei. Nyumba ya karatasi ya mauziano ukiilipia bei ya nyumba yenye hati miliki, umeibiwa hata kama muuzaji ni mwaminifu.

Kama ni hati miliki, kuna upekuzi. Unachukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, unaomba upekuzi rasmi kwa Msajili, unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, na majibu yanakuambia jina la mmiliki, muda wa umiliki, na kama kuna rehani au zuio. Picha ya hati kwenye simu ya dalali haikwambii lolote kati ya hayo. Ukiambiwa "hati tumeiweka benki kwa usalama", dhani kwanza kwamba kuna mkopo. Kuna wengine wanafanya upekuzi Januari na kulipa Aprili, na katikati zuio limesajiliwa. Fanya upya siku chache kabla ya kutoa pesa kubwa.

Jambo linalowakwamisha watu wa Arusha zaidi ya yote ni mpaka ambao hauonekani barabarani. Moshono ni kata ya Jiji. Endelea na barabara kuelekea Mlangarini na umeshaingia Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, kwenye vijiji. Kisongo ni hivyohivyo, na Usa River iko chini ya Meru. Nyumba ni zilezile, fensi zilezile, bati za rangi zilezile, na dalali ni yuleyule. Sheria ndiyo inabadilika. Mjini unasoma Sheria ya Ardhi ya 1999, na ukivuka unasoma dada yake wa mwaka huohuo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Kijijini muuzaji na mnunuzi hawamalizi wenyewe, kwa sababu halmashauri ya kijiji lazima ikae na kuridhia, hasa mnunuzi akiwa mgeni wa kijiji hicho. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1985 kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo ni batili. Kwa hiyo ukiletewa karatasi iliyosainiwa na mwenyekiti peke yake, uliza muhtasari wa kikao uko wapi, nani walihudhuria, na kama mtendaji anao kwenye faili lake. Nenda mwenyewe ofisi ya kijiji, usitume dalali.

Huku mjini mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa kumtambua muuzaji, na hapo ndipo mamlaka yake yanapoishia. Si msajili wa ardhi. Ukidaiwa asilimia 10 ya bei ili agonge muhuri, omba kwa upole kifungu cha sheria na risiti ya serikali, uone mazungumzo yatakavyobadilika.

Ukubwa wa eneo nao una mambo yake. Kiwanja kisichopimwa kinauzwa kwa hatua, na hatua 70 kwa 70 zinahesabiwa eka moja. Hatua za nani? Dalali mfupi mwenye haraka anakupa eka ambayo mpima akija na mashine yake anaipunguza. Mlipe mpima aliyesajiliwa kabla ya mkataba, majirani wote wakiwepo. Mipaka yetu ya asili ni masale, ile mimea inayopandwa mpakani, na masale yakishapandwa yanaheshimiwa kuliko bikoni za mpima. Jirani akisema "masale haya yalikuwa kule", simamisha kila kitu mpaka hilo liishe.

Upande wa Moshi ninaongeza swali moja: hii ni mali ya mtu au ya ukoo? Nyumba ya Shanty Town au Soweto utaikuta na hati yake kama kawaida. Ukipanda Kibosho au Machame unaingia kwenye vihamba, yaani mashamba ya asili ya Wachagga, na kihamba ni cha ukoo hata kama anayekionyesha ni mtu mmoja mwenye funguo. Ukiona makaburi ya wazee mgombani nyuma ya nyumba, jua kuna watu kumi wanaokuja kuyasafisha kila Desemba, na hakuna hata mmoja wao aliye kwenye mkataba wako.

Hapo mirathi inaingia. Baba amefariki, watoto wanauza, dalali anasema "wamekubaliana wote". Makubaliano ya watoto hayatoshi. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua ya usimamizi lazima uione na uithibitishe kwenye mahakama iliyoitoa. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni hatua ya kuelekea huko, si mwisho wa safari. Na aliye hai ana mwenzi: Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Mke asaini mbele yangu, si sahihi iliyoletwa na mtu. Hapa dalali anafaa sana, kwa sababu ndiye anayejua kama mzee ana mke mwingine Monduli. Muulize, lakini muulize mbele ya watu.

Maji ya kisima yana habari ndefu kwetu. Matangazo ya nyumba za pembezoni husema "kisima kipo" kama sifa. Maji ya chini ya ardhi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, ndiyo maana wengi wetu tuliokulia huku tuna meno ya kahawia, na ikizidi inaharibu hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi. Peleka sampuli maabara ya maji kabla ya kununua, na uulize bomba la mamlaka ya maji limefika umbali gani, kwa kuliona kwa macho. Nyumba nzuri yenye mandhari ya mto Themi au Naura nayo ipimwe umbali: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kando ya barabara kuu, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Siku hizi pia kila kiwanja cha upande wa Olmoti "kiko karibu na uwanja wa AFCON". Sawa, lakini uwanja hauongezi upana wa barabara ya kwako.

Kwenye bei, utapewa ushauri wa kirafiki: "Kwenye mkataba tuandike milioni 40 ili kodi iwe ndogo." Ukatae, hata ukiacha uhalali wake pembeni. Mauziano yakivunjika, unachoweza kudai ni kile kilichoandikwa. Halafu ripoti ya mthamini ndiyo itakayotumika kukokotoa, kwa hiyo hukuokoa kitu. Na siku utakapouza wewe, faida yako kwenye makaratasi itakuwa kubwa kuliko ya kweli, na kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida hiyo. Kodi hiyo ni ya muuzaji, lakini bila kulipwa uhamisho haukamiliki, hivyo mkataba useme wazi nani anailipa na lini. Ushuru wa stempu, ambao ni kama asilimia 1 ya thamani, kwa kawaida unabebwa na mnunuzi.

Mimi huandaa malipo hivi: sehemu ndogo siku ya kusaini, sehemu kubwa muuzaji akishasaini fomu za uhamisho namba 29, 30 na 35 na kukabidhi hati halisi, na kiasi kinabaki akaunti ya wateja ya wakili mpaka jina libadilike. Ujira wa dalali nao ugawanywe hivyohivyo, nusu kwenye mkataba, nusu uhamisho ukisajiliwa. Wengi wanagoma mwanzoni. Wanaokubali utaona wanakupigia simu wenyewe kuuliza faili limefika wapi huko ardhi, na wanalifuatilia kuliko karani wangu. Kabla ya kupokea funguo, angalia deni la kodi ya pango la ardhi, bili ya maji, na jina lililo kwenye mita ya LUKU, kwa sababu kodi ya jengo inakatwa humo na deni la zamani litakula umeme wako wa kwanza.