Je, wajua kwa nini hadithi za Edward P. Jones huenda mbili mbili?

Ukiviweka pamoja vitabu viwili vya hadithi fupi vya Mmarekani Edward P. Jones, Lost in the City cha mwaka 1992 na All Aunt Hagar's Children cha mwaka 2006, utaona kwamba kila kimoja kina hadithi 14, na kwamba hadithi ya kwanza ya kitabu kimoja imeungana na ya kwanza ya kingine, ya pili na ya pili, vivyo hivyo hadi mwisho. Miles, kinyozi mfuga njiwa katika hadithi inayofungua kitabu cha 1992, anarudi katika hadithi inayofungua kitabu cha 2006 akiwa kitoto kichanga kilichotelekezwa mtini, mwanzoni mwa karne ya 20.

Sababu tunaipata Washington, alikozaliwa Jones mwaka 1950. Mama yake, aliyemlea bila baba, aliishi kwa kuosha vyombo na kufanya usafi, na kabla kijana hajatimiza miaka 18 walikuwa wamekwisha kuhama mara 18. Alipokwenda chuoni, aliwakuta wenzake wanaoijua Washington kama makao ya serikali tu, kana kwamba hapakuwa na watu Weusi waliozaliwa, wakaoana na kuzikwa pale. Kitabu cha mwandishi wa Ireland James Joyce kuhusu watu wa kawaida wa Dublin kilimwonyesha la kufanya. Katika Washington aliyoiandika Jones, jirani anayepita tu katika hadithi ya mwenzake naye ana alikotoka, kwa hiyo anastahili hadithi yake.

Kuwabeba watu wote hao kunataka kumbukumbu ya ajabu, nayo Jones anayo. Kwa takriban miaka 20 alifanya kazi katika jarida la habari za kodi, na ndani ya kipindi hicho riwaya yake The Known World, iliyompatia Tuzo ya Pulitzer mwaka 2004, aliitunga kichwani kwa karibu miaka kumi huku karatasini akiwa na kurasa 12 tu hivi.

Lakini mimi naamini moyo wa kazi yake umo katika kurasa chache za The First Day, hadithi iliyomo katika Lost in the City. Mama anampeleka bintiye shule kwa mara ya kwanza. Shule aliyoitamani inawakataa kwa kuwa hawaishi eneo lake, nao wanakwenda nyingine. Hapo anapewa fomu, na inambidi amwombe mzazi asiyemfahamu amjazie, akikiri mbele ya mtoto kwamba hajui kusoma wala kuandika. Mama wa Jones mwenyewe hakujua. Mwandishi hamwonei huruma ya juu juu, wala hamwachi aaibike peke yake: mama anapoondoka, binti anaendelea kuisikia sauti ya viatu vyake ukumbini, juu ya kelele zote za watoto.