Siku ya ofu sio ya bendi, ni ya dereva

Shemeji yangu wa Tanga kaniandikia tena, mara ya nne kwa ziara hii moja. Kaiona ratiba niliyoiweka statasi, shoo Prague, siku inayofuata imeandikwa ofu, yaani hakuna shoo, kesho yake Brussels, basi kapiga hesabu zake: "shem hapo katikati si unazurura tu na Wazungu, tupigie hata picha moja ya maana, mbona unatubania Ulaya." Kabla sijajibu, anti naye kwenye grupu la ukoo kashasema mtoto analipwa mpaka siku asiyopiga. Nikazima simu. Mwaka wa tisa huu napiga besi kwenye bendi ya roki hapa Leipzig, hili swali la siku ya ofu nimelijibu kwa upole miaka yote hiyo, leo upole umeisha, nawaandikia wote kwa mpigo na atakayeuliza tena namtumia hapa.

Siku ya ofu ni ya dereva. Sisi wengine tunakuwepo tu kwasababu tumo ndani ya gari lake.

Hesabu iko hivi. Prague mpaka Brussels ni kama kilomita 900. Basi letu ni la ghorofa, chini meza na friji, juu vitanda vya kubebana kama dabodeka za bweni, nyuma trela la vyombo. Hata likiwa tupu halivuki 100 kwa saa, weka na matengenezo (Ujerumani kila barabara iko matengenezo, sijui huwa wanamaliza lini), ukipata wastani wa 80 shukuru Mungu. Hizo ni saa 11 na ushee za usukani. Sasa sheria ya Umoja wa Ulaya, ile namba 561 ya 2006, inampa dereva saa 9 za kuendesha kwa siku, mara mbili kwa wiki anaruhusiwa kugusa 10, mwisho hapo. Kila saa nne na nusu anapumzika dakika 45, anaweza kuzikata mbili, zamani ilikuwa lazima 15 kwanza alafu 30, msiniulize kwanini, toka 2024 mabasi ya kukodi kama letu yanaruhusiwa kuzikata vyovyote mradi kila kipande kisipungue dakika 15. Wiki isizidi saa 56, wiki mbili zikifuatana zisizidi 90. Na kila saa 24 apate 11 za kupumzika bila kukatizwa, anaweza kushuka hadi 9 ila sio kila siku.

Kwa hiyo usiku mmoja Prague–Brussels na dereva mmoja haiwezekani. Ndio maana ya lile neno ofu kwenye ratiba. Hakuna aliyekaa akasema hawa vijana wamechoka wapeni siku wakaone makumbusho. Kuna mtu ofisini alishika ramani na kikokotoo akaona saa hazitoshi.

Na ofu yenyewe inaangukia wapi? Hapo ndipo shemeji unaponikera maana wewe unaona Brussels, unaona Prague, huoni katikati. Tuliondoka Prague saa saba usiku, kufika saa mbili asubuhi takografu, kile kifaa kinachorekodi saa za usukani, imeshakula sehemu kubwa ya saa za dereva, naye kapaki nje kidogo ya Frankfurt kwenye uwanja wa vumbi kati ya duka la matairi na ghala la vigae. Kazima injini, kachukua kibegi chake, kaenda hotelini. Ndio, hotelini. Yeye ana chumba, sisi hatuna, na ni sawa kabisa. Sisi tukabaki na basi lisilowaka, choo ambacho ni cha haja ndogo tu (hii ni sheria ya mabasi yote ya bendi duniani nadhani, atakayeivunja anasafisha tanki yeye mwenyewe), na chaguo la kwenda kituo cha mafuta kulipa euro 1 ya choo cha heshima.

Alafu mwimbaji wetu, mtu mzima, miaka yote hii barabarani, akampigia dereva saa sita mchana kumuuliza kama anaweza kutusogeza tu mpaka mjini, dakika kumi, tukale. Nilitaka kumpokonya simu. Jamani ile sio teksi! Dereva akishaanza mapumziko, akirudi akasogeza gari kwenda hata mtaa wa pili, yale mapumziko yamekatika, zile saa alizolala haziunganishwi na za baadae, kwa kawaida anaanza upya. Ulianza saa mbili asubuhi, ulitegemea kuondoka saa moja jioni, ukimsumbua saa sita mchana maana yake saa 11 zinaisha karibu usiku wa manane, Brussels unaingia alfajiri huna akiba ya muda, ukikutana na foleni kubwa au pancha mafundi wa ukumbi wanakusubiri toka saa nne, saundi cheki inaliwa, unapanda stejini besi inasikika kama mtu anagonga debe. Kwa ajili ya kebabu. Na usiseme nani atajua, takografu inaandika kila kitu, polisi akimsimamisha anaweza kudai rekodi za siku 56 zilizopita, zamani zilikuwa 28, wameongeza toka mwisho wa 2024. Faini ni ya dereva na kampuni yake, mwimbaji yeye atakuwa juu amelala.

Kuna wanaosema si mpokezane. Leseni ya basi sio ya gari dogo, tuishie hapo. Lakini dereva wa pili ni suala halali na linafanyika. Wewe uliyewahi kupanda basi la Dar kwenda Mwanza umemwona yule jamaa amejifunika shuka pale nyuma, sio abiria yule. Na huku hivyo hivyo, wakiwa wawili hesabu inabadilika, kila mmoja anatakiwa apate saa 9 ndani ya saa 30, basi linaweza kutoka Berlin mpaka Paris, kilomita elfu moja na hamsini hivi, bila kusimama kutwa. Sasa meneja wa ziara anaweka mezani: nimlete dereva wa pili kwa treni, nimlipe, nimpe chumba, nimrudishe kwao, au niache basi lipaki siku nzima? Basi likipaki linalipiwa vilevile. Dereva analipwa, posho zetu zinatoka, mafundi wanalipwa, na mlangoni haijaingia hata senti. Anti, uliyesema nalipwa siku nisiyopiga, siku hiyo ndiyo tunayopata hasara. Tisheti tulizouza kwenye shoo ya Prague ndizo zilizolipia kupaki Frankfurt, baada ya ukumbi kukata asilimia yake.

Sasa kuna wenye akili zaidi wanasema basi ijazeni hiyo siku na shoo nyingine, mji wa karibu. Ndio inavyofanyika na ndio ninachokiogopa kuliko vyote. Mwaka 1959 Buddy Holly, mwanamuziki wa roki wa Marekani, alikuwa kwenye ziara Marekani, katikati ya baridi, miji 24, njia imepangwa kama mtu alirusha dengu kwenye ramani, leo kaskazini kesho kusini keshokutwa kulekule ulikotoka. Mabasi yalikuwa yanaharibika moja baada ya jingine, hita haifanyi kazi, mpiga ngoma wao Carl Bunch miguu iliganda kwa baridi mpaka akalazwa. Februari 2 ilikuwa tarehe wazi. Haikuwa na shoo. Mapromota wakatafuta pa kuijaza wakapata Clear Lake, Iowa. Shoo inayofuata ilikuwa Moorhead, Minnesota, zaidi ya kilomita 500, kwa basi lilelile la barafu. Holly akasema hapana, akakodi kindege ili atangulie, alale, na afue nguo. Afue nguo! Kila mtu anasimulia ajali ya kindege kile kwa habari ya sarafu iliyorushwa, nani alimwachia nani kiti, mwimbaji mwenzake Ritchie Valens alishindaje, mimi nikiisoma naona mtu aliyetaka nguo safi na tarehe moja iliyokuwa wazi ikajazwa. Ndege ilianguka usiku ule ule, wakafa yeye, Valens, mwimbaji mwingine J.P. Richardson na rubani Roger Peterson. Ndio maana nikiona siku ya ofu imeandikwa kwenye ratiba nachukia, na nikiona imefutwa naogopa.

Cha kuchekesha (sio cha kuchekesha) ni kwamba sheria hii yote inawalinda wakubwa. Inaanza kwenye gari la zaidi ya watu 9 ukimhesabu dereva. Sasa bendi changa zinatembelea nini? Kigari cha viti 9, vyombo vimeshindiliwa nyuma, na anayeendesha ni mpiga ngoma aliyemaliza kupiga saa mbili zilizopita. Hakuna takografu, hakuna saa 11, hakuna mtu wa kudai rekodi. Mimi miaka yangu minne ya mwanzo ilikuwa hiyo. Niliwahi kuendesha toka Hamburg mpaka München, karibu kilomita 800, baada ya shoo, nikiwa nimelala saa tatu jumla kwa siku mbili, nikafika nikiwa sikumbuki chochote kati ya Kassel na Nürnberg. Sikumbuki mpaka leo. Gari zima lilikuwa limelala likiniamini. Mwaka 2016 vijana wanne wa bendi ya Viola Beach ya Uingereza na meneja wao walikufa Sweden, gari lao lilidondoka toka darajani karibu na Södertälje baada ya shoo, sisemi ilikuwa usingizi, nasema tu kila nikiikumbuka nakaa kitako nakumbuka Kassel.

Na hata hii ya basi kubwa nisiwadanganye kwamba imekamilika. Takografu inapima saa ambazo gari halijatembea. Haipimi usingizi. Dereva wetu analala mchana kwenye hoteli ya barabarani, jua limewaka, mfagizi anavuta mashine ya vumbi koridoni, watoto wa chumba cha pili wanaruka kitandani, saa 11 zinaisha karatasini yuko sawa kabisa. Mimi huwa namwangalia macho anaporudi. Nikimwona anasugua uso najidai kuuliza habari za mkewe nikae naye pale mbele nusu saa ya kwanza nimpigishe stori, na sina hakika kama ninamsaidia au ninamchosha zaidi. Hajawahi kuniambia.

Na kulala tunalala miguu mbele, kichwa nyuma, ili basi likifunga breki ghafla uanze kugonga kwa miguu. Utakuta bendi zote zinafanya hivyo, unafundishwa siku ya kwanza kabla hata hujaonyeshwa swichi ya taa. Tunaamini kweli? Cliff Burton, mpiga besi wa Metallica, bendi ya roki ya Marekani, alikufa Septemba 27, 1986, Sweden, basi lilipinduka alfajiri wakitoka Stockholm kwenda Copenhagen, yeye akatupwa nje kupitia dirishani, miaka 24. Usiku ule alikuwa ameshinda karata, akachagua kitanda cha mpiga gitaa wao Kirk Hammett. Miguu mbele au nyuma ingebadilisha nini pale? Nampenda Cliff, ndiye aliyenifanya nishike besi, na kila usiku nageuza miguu mbele kama mtu anayevaa hirizi.

Mengine haraka haraka maana najua mtauliza. Pombe: ipo, ya bure, na wanaoinywa kila siku huwa hawafiki ziara ya tatu. Wasichana: ndoa yangu inasoma hapa, asante. Hela: nimeshasema. Viza: mimi nina kibali cha kuishi, lakini bendi ya Nairobi ikija kupiga huku inabanwa na hesabu mbili kwa pamoja, ya saa za dereva na ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, siku 90 ndani ya kila 180, kila siku ya kupaki kwenye uwanja wa vumbi inakula viza pia, nyie mnaosema Waafrika hawaji kupiga roki Ulaya anzeni kuhesabu hapo.

Kwa hiyo shemeji, siku ile ya ofu nilifanya nini. Nilitembea kilomita tatu na mfuko wa nguo chafu za watu watano, kwenye dobi ya mashine za sarafu, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikiangalia soksi za mpiga ngoma zikizunguka. Mashine moja ilimeza euro 2 ikagoma. Nikalala nimekaa. Saa kumi na mbili jioni meneja akatuma ujumbe, mapumziko ya dereva yanaisha saa moja kamili, asiyekuwepo anaachwa, na sio utani, alishawahi kumwacha mpiga gitaa Lyon.

Picha nimekutumia, ile uliyoniuliza kama ni chombo cha anga. Ni kikaushio. Zile nyekundu ni boksa za mwimbaji.