Kompyuta inazima ukifungua gemu: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Kompyuta ya nyumbani inafanya kazi siku nzima bila shida. Unaandika, unaangalia video, unafungua kurasa kibao za intaneti, haikohoi. Ukibonyeza gemu tu, pap, giza. Hapo ushauri huanza kumiminika kutoka kila upande, na sehemu kubwa ya ushauri huo inakula hela za watu bure. Vijana wanajinyima miezi mizima ili wanunue mashine, halafu wanaambiwa wabadilishe vifaa visivyo na kosa lolote. Ndiyo maana nasisitiza jambo moja: kabla ya kununua chochote, angalia kompyuta imeanguka vipi. Gemu kujifunga na kukurudisha kwenye deskitopu ni jambo moja. Skrini ya bluu ni jingine. Picha kuganda huku sauti ikikwaruza ni la tatu, na mashine kuzimika kama umechomoa waya ukutani ni la nne. Kila moja lina mshukiwa wake.

"Hiyo ni virusi, piga Windows upya."

Kupiga Windows kunasafisha programu. Hakuongezi nguvu ya umeme, hakuponyi RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) iliyo mbovu, hakukazi kipoza joto kilicholegea. Kibaya zaidi, kunafuta ushahidi. Windows ikianguka kwa skrini ya bluu, kwa kawaida huacha faili dogo kwenye C:\Windows\Minidump lenye msimbo wa kosa. Shida ni kwamba imewekwa ijiwashe upya yenyewe, kwa hiyo ile bluu inapita kufumba na kufumbua. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, chini ya Startup and Recovery bonyeza Settings, kisha ondoa tiki kwenye Automatically restart. Ikianguka tena, itakusubiri uisome.

Ukikuta VIDEO_TDR_FAILURE, maana yake kadi ya grafiki, kifaa kinachochora picha za skrini, ilipewa kazi ikakaa kimya kupita muda wake, ambao kwa kawaida ni sekunde 2, na Windows ikashindwa kuiamsha. Anza na draiva, yaani programu inayoiunganisha kadi na Windows, kisha kadi yenyewe. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni kifaa kimejiripoti, mara nyingi prosesa, ule ubongo wa kompyuta, au umeme unaoilisha. MEMORY_MANAGEMENT inakutuma kwanza ukapime RAM. Na ukiona kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, tukio la Kernel-Power 41, usidhani umepata jina la ugonjwa. Linasema tu kwamba kompyuta iliwaka bila kuzimwa ipasavyo mara iliyotangulia. Likiwa peke yake, bila msimbo mwingine wowote, mara nyingi Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kilichotokea, na hapo macho yote yaende kwenye umeme.

"Pawa saplai ina wati za kutosha, imeandikwa hapo."

Hapa ndipo nitakaa zaidi, maana ndipo mashine nyingi za kwetu zinapoangukia. Kompyuta ya mezani inayopatikana kirahisi Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli Avenue (Nairobi) ni ile iliyokuwa ya ofisi Ulaya au Marekani, mfano Dell OptiPlex. Ni mashine nzuri na imara, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya barua na hesabu. Zile zenye boksi jembamba nyingi hubeba pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine, ya kati ya wati 180 na 255. Mtu anaongeza kadi ya grafiki, kompyuta inawaka, deskitopu inaonekana safi, naye anaamini kazi imekwisha. Kwenye deskitopu ile kadi inakunywa wati chache tu. Gemu ikifunguka inaamka kwa nguvu zake zote ndani ya chini ya sekunde moja, na pawa saplai ikizidiwa inajizima ili kujilinda. Kinga hiyo ikifanya kazi hutaona ujumbe wowote.

Hesabu zake si ngumu. Tundu la kadi kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, limewekewa kikomo cha wati 75. Kadi ya GTX 1650 ya kawaida inaishi ndani ya kiwango hicho, ndiyo maana matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada. Kadi ya RX 580 inafika takriban wati 185, kwa hiyo lazima ipate waya wake kutoka pawa saplai. Mashine ya ofisi ikiwa haina waya huo, fundi huunga adapta kutoka kwenye waya wa diski wa SATA. Kichwa cha SATA kinaruhusiwa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Kichwa cha pini sita cha kadi kinaweza kuombwa wati 75, na cha pini nane 150. Kadi ikidai zaidi ya kile SATA inachoweza, plastiki ya kichwa inaweza kuyeyuka. Ukikuta adapta hiyo kwenye mashine yako, usiendelee kuchezea gemu hapo.

Na namba kubwa kwenye boksi isikudanganye. Geuza pawa saplai, tafuta kwenye lebo mstari wa +12V, usome ampea, kisha zidisha kwa 12. Iliyoandikwa wati 600 huku mstari huo ukiwa na ampea 18 ina wati 216 tu za kulisha prosesa na kadi. Vivyo hivyo kwa UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika: VA 650 si wati 650, nyingi za ukubwa huo hazifiki hata 400. Jaribu kuchomeka kompyuta moja kwa moja ukutani uone kama tatizo linabaki.

"Inazima gemu ikifunguka tu, basi gemu ndiyo mbovu."

Mafaili ya gemu huharibika kweli, hasa bando likikatika katikati ya kupakua, na Steam, programu ya duka la gemu, inaweza kuyakagua na kuyarekebisha bila kupakua upya gemu nzima. Lakini kosa la namna hiyo huifunga gemu yenyewe na kukurudisha kwenye deskitopu. Kuzima mashine nzima ni habari nyingine.

Wengi hawajui kwamba dakika za kufungua gemu zinaweza kuwa nzito kuliko kucheza kwenyewe. Prosesa inafungua mafaili yaliyobanwa na kuandaa michoro kwa kutumia viini vyake vyote. Hata menyu si mapumziko: isipowekewa kikomo cha fremu, kadi inaweza kuchora picha tupu mamia ya mara kwa sekunde. Julai 2021, kwenye majaribio ya gemu ya New World, baadhi ya kadi za RTX 3090 zilikufa kabisa, na wachezaji wengine walieleza kwamba zilifia kwenye menyu. EVGA, mmoja wa watengenezaji wa kadi hizo, ilikiri baadaye kwamba idadi ndogo ya kadi zake zilikuwa na kasoro ya ulehemu. Gemu iliziumbua tu.

Lakini gemu nazo zina jambo moja la kuangalia. Programu za kuzuia udanganyifu kwenye gemu, kama Vanguard ya kampuni ya Riot na Easy Anti-Cheat, huendesha draiva ndani kabisa ya Windows, na draiva ikikosea kule inaangusha mfumo mzima. Microsoft iliwahi kuzuia toleo la 24H2 la Windows 11 lisiingie kwenye baadhi ya kompyuta kwa sababu toleo la zamani la Easy Anti-Cheat lilileta skrini ya bluu. Sasisha gemu zako zote, hata zile ambazo hujazigusa siku nyingi.

"Ongeza RAM."

RAM ikiwa ndogo, kompyuta inakuwa nzito, gemu inakwama au inajifunga. Haizimi mashine. RAM mbovu ndiyo inayoleta skrini za bluu zenye msimbo tofauti kila mara, na dawa yake ni kupima: bonyeza tena Windows na R uandike mdsched, au uache programu ya MemTest86 ifanye kazi usiku kucha, kisha jaribu kijiti kimoja kimoja. Kijiti kipya kisichopatana na cha zamani kinaweza kuleta tatizo ambalo halikuwepo.

"Ni joto, fungua mfuniko uweke feni."

Joto huchukua muda kupanda, na prosesa za leo hupunguza kasi kwanza zikikaribia nyuzi 100. Ikizima baada ya robo saa, safisha vumbi na ubadilishe pesti ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa. Ikizima ndani ya sekunde tano, joto ni mshukiwa wa mbali, isipokuwa kama kipoza hakijagusa prosesa.

"Kadi ni nzuri, Windows yenyewe inaonyesha jina."

Jina hilo linatokana na utambulisho ulioandikwa ndani ya kadi, na unaweza kubadilishwa. Sokoni zimo kadi za GTS 450 na GTX 550 Ti, za 2010 na 2011, zilizoandikwa upya zionekane GTX 1050 Ti. Nvidia iliacha kuzitengenezea draiva mpya za kawaida mwaka 2018, kwa hiyo ukiweka draiva ya kisasa au kufungua gemu ya leo, zinaanguka. Programu ya kukagua kadi iitwayo GPU-Z ni ya bure, na tangu 2018 inatambua kadi nyingi za namna hiyo na kuweka neno FAKE mbele ya jina. Muombe muuzaji aifungue mbele yako kabla hujatoa hela.

"Imesema kumbukumbu ya video imejaa, kwa hiyo kadi ni ndogo."

Ujumbe huo umewapoteza watu wengi wenye prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na 14. Gemu zilizotengenezwa kwa Unreal Engine, programu ya kuundia gemu, zililalamikia kumbukumbu ya video, kumbe prosesa ndiyo ilikuwa ikikosea wakati wa kufungua mafaili yaliyobanwa. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba volti iliyopanda kupita kiasi ilikuwa ikiziharibu, ikatoa marekebisho ya 0x129 Agosti na 0x12B Septemba, yanayoingia kupitia BIOS, programu ya msingi iliyomo kwenye mazabodi. Marekebisho hayo yanazuia madhara mapya, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Kwa zile zilizouzwa kwenye boksi zake waranti iliongezwa kutoka miaka 3 hadi 5. Ukinunua prosesa iliyokwisha kutumika, dai risiti ya mwanzo na uulize BIOS ilisasishwa lini.