Kulanti: kazi yake kwenye gari la nchi ya joto

Kulanti ni kimiminika kinachozunguka kati ya injini na rejeta kikibeba joto. Mara nyingi ni maji yaliyochanganywa na ethilini glikoli, pamoja na kemikali za kuzuia kutu. Wengi wetu tunaichukulia kama dawa ya baridi ya Ulaya, basi rejeta inajazwa maji ya bomba na safari inaendelea. Ni kweli mchanganyiko wa nusu kwa nusu haugandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, lakini hilo halimhusu mtu wa Dodoma. Kinachomhusu ni zile kemikali za kutu.

Maji matupu hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Tatizo ni kwamba yanakula chuma na alumini. Fungua rejeta iliyonyweshwa maji ya kisima chenye chumvi miaka na miaka: maji yametoka mekundu ya kutu, na kwenye midomo ya vile vijia vyembamba pameganda ukoko mweupe kama wa ndani ya birika. Vijia vikiziba, gari lenye mzigo litachemsha mlima Kitonga, na hapo gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku yake, inaungua. Gharama yake hailingani kabisa na ya galoni ya kulanti.

Wakati wa kununua, usichague kwa rangi. Rangi hutiwa na mtengenezaji apendavyo. Kijani cha kampuni moja si lazima kiwe sawa na kijani cha nyingine, na aina zisizopatana zikichanganywa kinga ya kutu hupungua, pengine hata utando mzito ukajitengeneza ndani. Fuata kitabu cha gari. Toyota nyingi, kwa mfano, hutumia ile ya waridi inayouzwa ikiwa imeshachanganywa: usiiongeze maji. Hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, kisha kila 80,000. Ukinunua ile nzito, yaani isiyochanganywa bado, ichanganye na maji yaliyokenekwa.

Gari likichemsha njiani, acha injini ipoe kabisa ndipo ufungue mfuniko, maana ndani kuna presha. Maji safi yatakufikisha kwa fundi. Ukifika, mwambie asafishe mfumo mzima na kujaza upya.

Kulanti iliyomwagwa isiachwe kwenye beseni uani. Glikoli ina utamu, na mtoto au mbwa akiinywa huharibika figo na anaweza kufa.